Laini ya Umeme na Kesho Tusiyoijua

Shikamooni wazee wangu, na ninyi vijana wa chuo habari za asubuhi.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974. Umeme wake ukaanza kuzalishwa Dar es Salaam 2004. Miaka thelathini! Ya Mnazi Bay, hapa kwetu Mtwara, iligunduliwa 1982, na bomba la kwenda Dar likazinduliwa 2015. Aliyepanga laini za kusini kwa kuamini kesho moja tu angepotea, hata kama hesabu zake zilikuwa safi.

Sasa tunaitazama Likong'o, Lindi. Kiwanda cha kusindika gesi kikijengwa, tena kikaamua kununua umeme wa gridi badala ya kujizalishia, mahitaji yataruka. Kisipojengwa, yatapanda taratibu, kwa mwendo wa majumba na viwanda vya korosho. Tujenge laini ya ukubwa gani?

Mimi huwa napima majuto: tofauti kati ya gharama uliyoingia na gharama ya chaguo ambalo lingekuwa nafuu zaidi kwa kesho iliyotokea. Chukueni namba hizi, ni za kufundishia tu. Laini ya njia moja, yaani seti moja ya nyaya za kusafirisha umeme, inagharimu shilingi bilioni 100. Ya njia mbili, 140. Ya tatu ni minara yenye nguvu ya kubeba njia mbili, lakini nyaya tunafunga za njia moja: 115. Njia ya pili ikihitajika baadaye, tunaongeza 35.

Mahitaji yakibaki madogo, aliyejenga njia mbili anajuta bilioni 40, na wa minara imara anajuta 15. Yakiwa makubwa, aliyejenga njia moja atalazimika kujenga laini nyingine kwa 90, jumla 190, anajuta 50. Wa minara imara amefikia 150, anajuta 10. Kwa hiyo majuto yake hayazidi 15, kesho ije vyovyote. Na ile 35 ya baadaye ni nyepesi kuliko inavyoonekana, maana shilingi ya miaka kumi ijayo haina uzito wa shilingi ya leo.

Wengi husahau kuhesabu giza lenyewe. Samaki wanaooza kwenye friza, mashine ya kusaga iliyosimama, mama anayejifungua kwa mwanga wa tochi: hayo nayo ni gharama, na yaandikwe kwenye jedwali lilelile la nyaya na transfoma.

Na mikorosho iliyo kwenye mkuza wa laini, ule ukanda wa ardhi unaoachwa wazi kwa ajili ya nyaya. Mkorosho unalelewa miaka kabla haujazaa vizuri. Kama mkuza wa njia mbili utahitajika, mwenye shamba aambiwe leo, alipwe leo, asije akapanda upya mahali tutakapomng'olea tena.