Siwa ya Povu

Assalaam aleikum, wazee wetu, mama zetu na vijana wa sanaa.

Vijana wengi wanaomchora Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi zetu za kale, au wanaotaka kumvaa kwenye kosplei, yaani kuvaa kama mhusika, humpa siwa, ile baragumu kubwa ya sherehe, waliyoiona kwenye mchoro wa shabiki mwenzao, naye huyo kaitoa kwa mwingine. Ndiyo maana twaona siwa zikipulizwa mwishoni, kama tarumbeta za bendi! Siwa hupulizwa ubavuni. Hapa Lamu hatuna udhuru: ya shaba ya Lamu na ya pembe ya Pate zimo Makumbusho. Nendeni na daftari, simu ikae mfukoni kwanza. Ukichora kwa mkono utalazimika kuamua tundu liko wapi na nakshi inaishia wapi, picha haikuulizi.

Sasa tuunde. Chukua mikeka ya povu ya EVA ya milimita 10, ile yenye meno ya kupachikana wanayotandikiwa watoto. Kosa la kwanza ni la hesabu. Povu likikunjwa, upande wa nje huvutika na wa ndani hubanwa, kwa hiyo pima katikati ya unene. Ukitaka bomba la upana wa sentimita 12 kwa nje, toa 1, yaani unene wa povu, zidisha 11 kwa 3.14: kata sentimita 34.5. Anayezidisha 12 hupata bomba nene kuliko alivyochora, na vipande havikutani. Kisu kisimame wima, na wembe ubadilishwe mara tu povu linapoanza kuchanika badala ya kukatika.

Gundi ni ile ya mafundi viatu. Paka pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka kidole kisinate, ndipo ubandike, ikishashika hairudi. Pwani yetu ina unyevu: kiyeyushi kikiruka, uso wa gundi hupoa, hewa hudondosha maji juu yake, na mshono huachia baadaye. Fanya kazi mchana mkavu, madirisha wazi, kwani mvuke wa gundi ni sumu. Kisha usiiache siwa juani, maana joto hulainisha gundi hiyohiyo.

Nakshi hazichongwi kwa kuondoa povu. Chora mstari kwa ncha ya wembe, kina cha milimita 3 hivi, kisha pitisha hewa ya moto: mstari hufunguka wenyewe. Endelea kupasha uso mzima mpaka ufifi ugeuke mng'ao hafifu. Hapo vitundu vimefunga. Usipofanya hivyo, povu litakunywa rangi yote. Wengi huziba kwa gundi nyeupe ya mbao, tabaka 3 au 4. Inafaa, ila jasho na unyevu huirudisha unato, basi vanishi juu yake ni lazima.

Rangi ianze nyeusi. Brashi iliyokaribia kukauka, yenye dhahabu kidogo, ipite juu ya miinuko tu. Mashimoni tia kijani cha kutu ya shaba.

Kuhusu haki, Liyongo hana mwenyewe, lakini mchoro wa jana wa mwenzako unaye: sheria ya Kenya humlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Omba ruhusa, umtaje.

Na siwa ikatwe vipande viwili, bomba la plastiki ndani liwe kiungo, maana boti ya kuvukia Mokowe, bara, haina pa kulaza kitu kirefu.