Kitako cha Gorogoro

Mhadhara uliotolewa baina ya Magharibi na Isha, Mji wa Kale, Mombasa

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Alhamdulillah, twamshukuru Mwenyezi Mungu, na twamsalia Mtume wetu Muhammad, swalla Llahu alayhi wasallam, pamoja na Aali zake na Masahaba zake. Amma baad.

Wazee wangu, ndugu zangu, na mama zangu mlioko juu, leo nimekuja na kopo. Hili hapa, gorogoro, lile la kilo mbili ambalo sote twalijua. Nalipitisha kwenu mlishike. Juu halina neno. Ligeuzeni mtazame kitako: kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani. Ukitia mbaazi ukajaza mpaka zikafanya kichuguu, mteja ataona kipimo kimetimia na ataondoka akikushukuru. Akifika nyumbani akizitia kwenye mizani, kilo mbili hazifiki.

Nimepewa na kijana anayeuza nafaka Kongowea. Ameniruhusu niyaseme haya bila kumtaja jina. Alikuja nyumbani baada ya Alasiri, akaliweka juu ya meza, akanambia, "Ustadhi, chukua. Mimi silitaki tena." Kisha akaniuliza suali, na suali lake nitalifikia.

Nguzo za Uislamu twazijua tangu chuoni: shahada, swala, zaka, saumu ya Ramadhani, na hija kwa awezaye. Na nguzo za imani ni sita: kumwamini Mwenyezi Mungu, Malaika wake, Vitabu vyake, Mitume wake, Siku ya Mwisho, na Qadari, kheri yake na shari yake. Mtoto wa madrasa atakuhesabia hizi bila kukosea. Lakini kumbukeni zilivyotufikia. Sayyidna Umar asimulia kwamba walikuwa wamekaa na Mtume, akatokea mtu mwenye nguo nyeupe mno na nywele nyeusi mno, haonekani na athari ya safari, na hakuna aliyemjua. Akaketi magoti kwa magoti na Mtume, akamuuliza Uislamu ni nini, akamuuliza Imani ni nini. Kisha akauliza la tatu: Ihsani. Mtume akajibu, ni kumuabudu Mwenyezi Mungu kana kwamba wamuona, na ikiwa humuoni, basi Yeye akuona. Yule alikuwa Jibril, amekuja kuwafundisha watu dini yao.

Mimi naona hilo la tatu ndilo tunaloliwacha mlangoni pamoja na viatu. Mnunuzi hakioni kitako cha kopo. Anayekiona ni Mmoja.

Sasa fungueni Sura ya 83, Al-Mutaffifin. Mwenyezi Mungu asema: Ole wao wapunjao! Ambao wanapojipimia kwa watu hutaka watimiziwe, na wanapowapimia wao hupunguza. Nilipokuwa mdogo nikidhani aya itakayofuata itataja adhabu ya mizani, lakini haikuja hivyo. Aya yafuata kwa suali: Je, hawadhani hao kwamba watafufuliwa, kwa Siku iliyo kuu, siku watakaposimama watu mbele ya Mola wa walimwengu wote? Yaani Qur'ani haikumwambia muuzaji huyu kwamba hajui biashara. Imemuuliza kuhusu nguzo ya tano ya imani. Mkono ukipunguza mbaazi, kilichopungua kwanza ni kuiamini Siku ya Mwisho.

Na tazameni neno lililotumika: "watu". Haikusema Waislamu. Hapa Mombasa anayekuja dukani kwako ni Mmijikenda, ni Mkamba, ni Mhindi, ni mtu wa bara aliyeshuka basi Mwembe Tayari asubuhi hajui bei ya kitu. Wote ni "watu". Kuna wanaojidanganya kwamba kumpunja asiyekuwa wa dini yetu ni jambo jepesi. Wallahi si jepesi. Mtume alipoondoka Makka kuhama, mwaka 622, Makuraishi walikuwa wamepanga kumuua, na vitu vyao vya amana vilikuwa nyumbani kwake. Alimwacha Ali nyuma awarudishie. Wanataka damu yake, na yeye awarudishia mali zao.

Ibn Abbas apokea kwamba Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wake wabaya sana katika vipimo. Aya hizi zikateremka, wakatengeneza vipimo vyao. Soko zima likabadilika kwa aya.

Hii ndiyo asili ya kwanza ya dini yetu, Qur'ani, iliyoteremka kwa muda wa miaka 23. Ya pili ni Sunna, na Sunna yaingia sokoni kwa miguu. Imam Muslim apokea kutoka kwa Abu Huraira: Mtume alipita penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikapata umaji. Akauliza, "Ni nini hii, ewe mwenye nafaka?" Akajibu, "Imenyeshewa na mvua, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu." Akamwambia, "Mbona hukuiweka juu watu wakaiona? Mwenye kughushi si katika mimi."

Fikirini ule mkono. Angeweza kupita na kutoa salamu. Alitia mkono mpaka chini. Wala hakumwambia kwamba nafaka iliyorowa haiuzwi. Kurowa si dhambi ya mtu, mvua ni ya Mungu. Kosa lilikuwa kuificha chini ya kavu.

Asili ya tatu ni ijmaa, makubaliano ya wanazuoni, na kwamba ghushi ni haramu hakuna aliyekhitilafiana. Hapo sina haja ya kukaa. Ya nne, qiyasi, yaani kulinganisha jambo jipya na lile lenye hukumu, ndiyo inayotuhusu sana sisi wa leo, kwani vijana huniuliza, "Ustadhi, simu imetajwa wapi katika Hadithi?" Simu haikutajwa. Lakini wanazuoni hutafuta ila, yaani sababu ya hukumu. Ila ya ile chungu si nafaka wala mvua, ni kuficha kasoro. Basi kila palipo na kuficha kasoro, hukumu ni ile ile. Kreti ya nyanya iliyopangwa nzuri juu na zilizopondeka chini ni ile chungu. Simu iliyofunguliwa ikatiwa skrini nyingine ikauzwa kuwa mpya ni ile chungu. Picha ya nyumba ya kupanga uliyoirusha kwenye mtandao, ukauficha ukuta unaovuja, ni ile chungu. Na kwa njia hiyo hiyo unga wa kulevya unaowamaliza watoto wetu mitaani haukutajwa kwa jina, lakini ulevi umetajwa, na Mtume amesema kila chenye kulevya ni haramu.

Mji huu una jina la zamani katika jambo hili. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita hapa mwaka 1331. Alilala usiku mmoja tu, lakini alieleza misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ufundi, na visima vya kina kifupi milangoni, na kata ya mti ya kutekea maji, na mkeka wa kupangusia miguu kabla ya kuingia. Na akawasifu watu wake kwa dini na wema. Mgeni wa usiku mmoja! Aliona nini kwa muda ule? Aliona walivyoosha miguu, na bila shaka aliona walivyomuuzia chakula.

Sasa suali la yule kijana. Alisema, "Niliowapunja ni wengi. Nifanye nini?" Nikamwambia toba ina sharti zake: uache, ujute, uazimie kutorudi, na kwa haki ya mja liko la nne, kumrudishia mwenyewe. Unaowajua, wende kwao. Usiowajua, kadiria ulichowapunguzia, ukitoe sadaka kwa niaba yao, na akitokea mwenyewe siku yoyote, haki yake iko pale pale.

Katika aliowajua alikuwa mama mmoja mtu mzima, auzaye mahamri na mbaazi asubuhi, ambaye kwa miaka akinunua mbaazi kwake. Kijana aliniomba kopo hili kwa muda, akamwendea nalo mkononi na gunia begani. Hakujua aanze vipi, basi akaligeuza tu, akamwonyesha kitako.

Mama akakitazama, akapitisha kidole pale palipoingia ndani. Akasema, "Nilikuwa nikijua, mwanangu. Sufuria yangu ilikuwa ikinambia kila siku. Nilikuwa nikikuombea."

Naam, muadhini amesimama. Tuitikie.