Farasi wa Bukavu: kuipa nguvu injini ya 2F bila kuuza shamba

Jambo yenu wazee, mama na ndugu zangu, na ninyi vijana wa garaji mliosimama mlangoni. Ingieni, viti vipo. Hiyo sauti mnayoisikia uani ni Land Cruiser yangu. Nimemwambia kijana wangu asiizime mpaka nimalize kusema. Sababu mtaijua.

Nimeombwa kuzungumza juu ya kuiongezea nguvu injini ya zamani ya silinda sita za mstari kwa pesa kidogo. Nitasema juu ya ile niliyoizoea mikononi: 2F ya Toyota, ujazo wa sentimita 4,230 za ujazo, pistoni yenye kipenyo cha milimita 94 na mwendo wa kupanda na kushuka wa milimita 101.6. Mwenye Mercedes au BMW ya silinda sita asitoke, mengi yatamhusu.

Katika injini hii pistoni ya 1 na ya 6 hupanda pamoja, ya 2 na ya 5, ya 3 na ya 4. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imegawanywa kwa nyuzi 120, kwa hiyo mtikiso wa jozi moja unamezwa na jozi nyingine. Ndiyo maana inavuta kutoka chini kabisa, polepole, bila kulalamika. Ugonjwa wake ni urefu. Kabureta moja, yaani kile kichanganyaji cha hewa na esansi (petroli), imekaa katikati, na silinda za ncha mbili zinapata chakula kisichofanana na cha wenzao.

Sasa tuje kwenye hewa yetu. Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hapa hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko kule pwani. Injini isiyo na turbo inakula hewa iliyopo tu, basi ile iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 135 imekwisha kupoteza kama ishirini kabla hujawasha. Hao ishirini siwezi kukurudishia. Lakini kuna wengine tumewapoteza sisi wenyewe garajini, na hao tunaweza kuwafuata.

Kabureta haipimi uzito wa hewa. Hewa ikipungua uzito, esansi haipungui kwa kiasi kile kile. Mchanganyiko unakuwa mzito kwa asilimia saba au nane. Mnaona moshi mweusi mlimani, buji (plagi za cheche) zimejaa masizi, mnasema injini imechoka. Haijachoka, imeshiba kupita kiasi. Dawa ni jikleri ndogo zaidi, kile kitundu cha kabureta kinachopima esansi. Mfano wa hesabu: ikiwa tundu ni milimita 1.20, weka 1.15, eneo la tundu linapungua kwa asilimia nane. Ni kipande cha shaba kinachokaa kwenye ncha ya kidole. Ila usizibe tundu la zamani kwa risasi ya kulehemu halafu ukalitoboa kwa sindano ya cherehani, kama nilivyoona kwa fundi mmoja ambaye sitamtaja kwa kuwa amekaa hapa.

(Kicheko ukumbini.)

Jambo hilo hilo linatudanganya tunapopima kompresheni, yaani shinikizo la hewa ndani ya silinda. Kitabu kikiandika bar 10, kimeandikwa kwa hewa ya bahari. Hapa kwetu ukisoma 8.5, injini ni nzima. Nimeona watu wanashusha kilasi (kichwa cha injini) na kubadili segima (pete za pistoni) kwa sababu ya namba hiyo. Angalia tofauti kati ya silinda na silinda: tano zikiwa na 8.5 na moja ina 6, hapo ndipo pa kuuliza. Tia mafuta ya injini kidogo katika ile iliyosoma 6. Namba ikipanda, ni segima. Ikibaki palepale, ni valvu, au joa (gasketi) ya kilasi.

Na mimi nilikosea, msidhani. Mwaka wangu wa kwanza na gari hili nilinunua kabureta kubwa ya midomo miwili, muuzaji akaniapia itaruka. Ilikunywa esansi kama harusi inavyokunywa bia, na kupanda ilipanda vilevile. Ubovu ulikuwa penginepo. Kwenye 2F bomba la kuingizia hewa na bomba la moshi yamefungwa upande mmoja, yameshikana. Moto wa miaka mingi unayapinda, na hewa ya wizi inaingia kwenye joa, hasa kwa silinda za mwisho. Niliyafungua, nikayafunga pamoja nje ya gari, nikampelekea mchongaji wa vyuma ayasawazishe yote kwa mpigo mmoja, nikaweka joa mpya. Ralanti, ule mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ilitulia siku ile ile. Kile kikabureta kikubwa bado kiko nyumbani, kuku wanakifahamu.

Wakati wa cheche: kitabu kinaweka nyuzi 7 kabla ya pistoni kufika juu, alama yake ni kile kigololi kwenye gurudumu zito lililo nyuma ya injini. Katika hewa nyepesi moto unakwenda polepole, kwa hiyo unauanzisha mapema kidogo. Mimi niko kwenye 10. Na kama delko yako, kile kigawa cheche kwa silinda, bado ni ya platini (ncha za chuma zinazofunga na kufungua umeme), tafuta ile ya elektroniki iliyokuja na 2F za baadaye. Hii ndiyo pesa pekee kubwa ninayoikubali.

Kilasi kuchongwa ili kompresheni ipande? Inawezekana, na huku juu injini inavumilia. Lakini ukishachonga huwezi kurudisha chuma, na esansi yetu ya chupa za barabarani unaijua.

Vijana, matairi. Ukitoka kimo cha inchi 29 ukaenda 33, gia zote zimekuwa ndefu kwa asilimia 14. Mlima umekula farasi, na wewe umeongeza mlima wa pili chini ya gari kwa ajili ya picha.

Mama pale ameinua mkono. Anauliza: akitengeneza hivi kwa Bukavu, itakuwaje akishuka Uvira, kule chini ziwani Tanganyika? Aksanti mama, swali la mtu anayesafiri. Ukishuka mlima wa Ngomo mpaka Kamanyola bondeni, hewa inarudi kuwa nzito, na ule mwanzo wa mapema unaanza kugonga, ting-ting-ting, kama mawe ndani ya kopo. Usizoee sauti hiyo, inakula pistoni. Shuka kwenye gari, rudisha delko nyuma hadi 7. Kwenye delko nyingi za 2F kuna kirungu kidogo cha oktani, cha kusogeza wakati wa cheche, kwa kazi hiyo, wengi hawajawahi kukigusa kwa sababu kimefunikwa na uchafu.

Valvu nimeziacha mwisho makusudi. Nafasi yake ni milimita 0.20 za kuingiza na 0.35 za kutoa, na vipimo hivyo ni vya injini ya moto. Yangu sasa ina moto wa kutosha. Kapo (kifuniko cha injini) iko wazi, chukueni vitambaa vya mikono, twende uani.