Farasi wa Mfalme Philip

Asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie sarafu za dhahabu za Wagiriki wa kale, lakini kwa muda tulio nao nitakaa na mfalme mmoja tu, Philip wa Pili wa Makedonia. Kabla yake miji mingi ya Ugiriki ilitumia sarafu za fedha, kama zile za Athens zenye picha ya bundi. Dhahabu ilipigwa sarafu mara chache, pengine vita vilipobana na hazina ikakauka.

Mwaka 356 KK Philip aliutwaa mji wa Krenides, jirani na machimbo ya dhahabu ya mlima Pangaion, akauita Philippi. Naam, ndio mji wa wale Wafilipi walioandikiwa waraka na Paulo. Mwanahistoria Diodorus anasema machimbo hayo yalimwingizia zaidi ya talanta 1,000 kwa mwaka, talanta ikiwa kipimo cha kale cha uzito wa fedha na dhahabu.

Sasa tazameni picha hii. Sarafu yenyewe, ya dhahabu ya Philip, ina uzito wa gramu 8.6 hivi, na upana wake haufiki sentimita 2. Mbele yupo Apollo, mungu wa Wagiriki, amevikwa shada la majani. Nyuma, farasi wawili wanakokota gari mbio, miguu ya mbele iko hewani, na mwendeshaji ameshika fimbo. Chini yao kuna neno moja: ΦΙΛΙΠΠΟΥ, yaani "ya Philip".

Farasi hao hawakuwekwa kwa urembo. Mwandishi wa kale Plutarch anaeleza kuwa Philip alijivunia kuchora kwenye sarafu ushindi wa magari yake ya farasi huko Olympia, kwenye michezo ya Olimpiki ya kale. Kumbukeni kwamba mashindano yale yalikuwa ya Wagiriki peke yao, na walikuwapo Wagiriki wa kusini waliowaita Wamakedonia washenzi. Kwa hiyo aliyelipwa kwa dhahabu hiyo alikabidhiwa pia jibu la mfalme kwa dharau hiyo: kwamba yeye ni Mgiriki. Mimi naona hiyo ni siasa ya hali ya juu.

Sarafu hizo zilifika mbali, hadi kwa Wakelti, makabila ya kale ya Ulaya ya kati na magharibi, ambao wengi walikuwa askari wa kukodiwa. Nao wakaanza kupiga za kwao kwa kuigiza. Kila nakala ilinakiliwa tena, na mafundi hawakuwa na habari na Olympia. Ukifika kwa Waparisii, kabila lililoachia mji wa Paris jina lake, uso wa Apollo umegeuka mizunguko mikubwa ya nywele, gari limetoweka, na farasi amebaki peke yake.