Mama wa Mahamri na Risiti ya Hospitali

Assalamu alaikum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie iwapo lengo jema huhalalisha njia mbaya. Nitaanza na kosa langu, maana hilo ndilo nilijualo vizuri.

Miaka kadhaa nyuma, mtaani kwetu tulichanga pesa za kumfanyia mtoto wa jirani upasuaji. Mimi nilikuwa mweka hazina. Nilipoona michango inasuasua, nikawatajia watu bili kubwa kuliko ile ya hospitali. Sikula hata senti. Pesa zikaja, mtoto akatibiwa, zilizobaki nikampa mamake za dawa. Nikajiona nimefanya la maana.

Kisha akanijia mama mmoja auzaye mahamri na mbaazi kichochoroni. Mchango wake ulikuwa shilingi 200, alizozifungua mwenyewe kutoka pindo la leso, noti zimekunjwa ndogo kama hirizi. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hebu niione ile risiti ya hospitali." Nami nikamjibu kwa ukali, "Kwani mama, huniamini?"

Litazameni jawabu lile. Yeye kauliza habari ya karatasi, mimi nikamjibu habari yangu. Siku zote nilikuwa nikijiambia kwamba ule uongo niliusema kwa ajili ya mtoto. Na mtoto alikuwa keshatibiwa! Basi ile hasira ilikuwa ikimtetea nani? Ilikuwa ikilinda jina langu, niitwe mtu wa watu. Nafsi ilishaingia ndani ya lile lengo zamani, imejifunika jina la mtoto mgonjwa, nami sikuiona.

Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, alikataa uongo hata wa kumwokoa rafiki anayesakwa na muuaji. Mill, mwenzake wa Uingereza, akataka kitendo kipimwe kwa matokeo yake. Wamebishaniwa sana, lakini mimi nauliza habari ya mkono ulioshika mizani. Wangu ulikuwa ukitetemeka.

Najua kuna atakayesema, mbona Khidhr, yule mja mwenye elimu aliyefuatana na Nabii Musa, alilitoboa jahazi la maskini? Swali hili limenisumbua kweli. Alilitoboa ili mfalme aliyekuwa akipora vyombo asilichukue. Lakini kisomeni kisa hadi mwisho katika Suratul Kahf: asema hakuyafanya hayo kwa amri yake. Na kabla ya kuachana na Musa, alimweleza kila jambo. Mimi sikuagizwa na yeyote, na nilipoulizwa nikawaka.

Mkitoka hapa, piteni Fort Jesus, ile ngome ya Wareno hapa Mombasa. Mfalme wetu Yusuf bin Hassan alifiwa na babake mwaka 1614, aliyeuawa kwa njama za Wareno. Yeye wakampeleka Goa, kule India, wakambatiza Jerónimo, wakaja kumrudisha kwenye kiti. Dhuluma aliyofanyiwa ilikuwa ya kweli, na mtu wa Mombasa asiyemwonea uchungu simwelewi. Agosti 1631 akaingia ngomeni, akamuua kapteni wa Kireno. Angeishia hapo, pengine tungekuwa na mjadala mwingine. Waliuawa pia wanawake na watoto, na Waafrika waliobatizwa. Yaliyokuwa moyoni mwake siwezi kuyahukumu. Lakini mtoto aliyezaliwa baada ya 1614 alikuwa na mkono gani katika kifo cha Sultani Hassan? Mwaka uliofuata Yusuf akauhama mji, Wareno wakarudi, na ngome ikakaa mikononi mwao hadi 1698. Yeye akabaki baharini akiteka vyombo mpaka akafa.

Makosa yetu sisi ni madogo, ndiyo, ila mlango wake ni ule ule. Mtu ana haki kweli, kisha haki ile inageuka kuwa yeye mwenyewe, na yeyote anayemuuliza anakuwa adui.

Yule mama nilimrudia baada ya wiki, na risiti mkononi na hesabu nimeiandika upya, uongo wangu nimeutaja. Alikuwa akikanda. Akapitisha kidole chenye unga mstari kwa mstari, hakusema neno la kunilaumu. Akanirudishia karatasi, akauliza, "Na wenzangu umewaonyesha?"

Nilikuwa sijawaonyesha. Jioni ile ile nikaanzia nyumba ya pili.