Tuniit: Majitu ya Kaskazini Yaliyokuwa Watu

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Zikitajwa habari za viumbe mfano wa binadamu wanaoishi huko mbali kwenye theluji, wengi wetu hufikiria jitu lenye manyoya mwili mzima, ambalo watu hulisaka kwa kamera mwaka hadi mwaka. Leo jitu hilo tuliache. Nawapeleka kaskazini ya Kanada, kwa Wainuit, wenyeji wa nchi hiyo ya barafu, ambao wazee wao wamerithishana habari za Tuniit, watu walioikalia nchi ile kabla yao. Nasema mapema: Tuniit hawakuwa mazimwi. Walikuwa binadamu, na ushahidi umo ndani ya hadithi zenyewe.

Wazee wanasema Tuniit walikuwa na nguvu za ajabu. Mmoja peke yake aliweza kumkokota walarasi, mnyama mkubwa wa bahari mwenye meno marefu, juu ya barafu, na walarasi dume huweza kupita tani moja. Pamoja na nguvu hizo walikuwa watu wa haya, wakichokozwa wanakimbia. Wengine husimulia kwamba walilala wameinua miguu ukutani ili damu iteremke, wapate kuwa wepesi wa mbio.

Mwaka 1883 Franz Boas, mtaalamu Mjerumani wa tamaduni za watu, alifika Kisiwa cha Baffin huko kaskazini ya Kanada, akakaa hadi mwaka uliofuata akiandika aliyosimuliwa. Kuna taswira moja naipenda mno. Mtuniit anamvizia sili kwenye tundu la kupumulia. Amevaa koti refu la ngozi, amelitandaza juu ya barafu, na chini yake amewasha taa ndogo ya jiwe, kijungu kikichemka juu yake. Ghafla sili anatokeza! Mwindaji anaruka na chusa lake, taa na kijungu amevisahau, vinapinduka na kumbabua ngozi. Niambieni, zimwi gani hilo linalosikia baridi, linalopika, na linalosahau chungu motoni? Huyu ni mtu kazini.

Wanaakiolojia walikuja kuchelewa. Mwaka 1925 Diamond Jenness, aliyekuwa katika jumba la makumbusho la taifa kule Ottawa, alichambua vifaa vya kale vilivyotoka Cape Dorset, mji ambao leo unaitwa Kinngait. Akaona kwamba baadhi haviwezi kuwa vya mababu wa Wainuit. Ndipo likazaliwa jina la utamaduni wa Dorset, na leo wataalamu wengi wanakubali kwamba watu wa Dorset ndio Tuniit wa hadithi.

Hebu tutazame kitu kidogo tu: sindano ya mfupa. Sindano ya mababu wa Wainuit ina tundu la duara, kwa sababu walikuwa na keekee ya kuzungushwa kwa uta, kama ile ya mafundi wa majahazi wa pwani yetu. Sindano ya Dorset ina tundu refu, jembamba, lililokwanguliwa taratibu kwa ncha ya jiwe kutoka upande huu na upande huu. Keekee hawakuwa nayo. Upinde na mishale nao hawakuwa nao, na wazee walikuwa wakilisema hilo la upinde kabla hakijachimbwa chochote. La kushangaza ni kwamba waliowatangulia katika nchi hiyohiyo walikuwa na upinde na keekee pia, kisha vyote viwili vikaachwa. Kwa nini? Wataalamu wanalijadili mpaka leo.

Sitaki mdhani kila neno la hadithi ni hati ya mahakama. Katika miaka ya 1921 hadi 1924, msafara wa Knud Rasmussen, mpelelezi wa nchi za Aktiki kutoka Denmark, ulipopita huko, mwanaakiolojia wake Therkel Mathiassen alichimba magofu ya mahali paitwapo Naujan, na wenyeji wakamwambia ni nyumba za Tuniit. Baadaye ikabainika zilikuwa za mababu wa Wainuit wenyewe. Kumbukumbu iliyahifadhi maisha ya Tuniit vizuri, ila hapo ilikosea mwenye nyumba.

Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa kutoka Copenhagen walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya kale ya Aktiki. Ukaonyesha kwamba watu wa Dorset na waliowatangulia walikuwa ukoo mmoja uliokaa huko maelfu ya miaka, mbali na Wainuit, ukatoweka miaka 700 hivi iliyopita. Dalili za kuchanganyika damu karibu hazipo. Ni kipindi hichohicho mababu wa Wainuit walipokuwa wakienea kutoka Alaska, wakiwa na mbwa wa kukokota sleji, mitumbwi ya ngozi na ujuzi wa kuwinda nyangumi.

Walitowekaje? Wengine hutaja mabadiliko ya tabianchi, wengine maradhi, wengine kushindwa kugombea mawindo. Boas alisimuliwa hivi: Tuniit na Wainuit walikuwa majirani wema. Kijana mmoja wa Tuniit, ambao hawakuwa na kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa ngozi, alichukua ya Muinuit bila ruhusa na kuiharibu chini. Mwenyewe akakasirika sana. Mwenzake alipolala, akamchoma kisu kisogoni. Masimulizi mengine, yakiwemo ya Labrador, pwani ya mashariki ya Kanada, yanasema alimtoboa kichwa kwa keekee, chombo kilekile ambacho Tuniit hawakuwa nacho.

Tuniit wakaogopa kwamba watauawa wote. Wakakusanyika, wakakata mikia ya makoti yao na kufunga nywele utosini wasitambulike, wakahama moja kwa moja. Wajukuu wa waliobaki wangeweza kusema majitu ndiyo yaliyoua kwanza, na nani angewapinga? Hawakusema hivyo. Wamewasimulia watoto wao kwamba aliyekufa alikuwa jirani, na kwamba aliuawa usingizini.