Hugo Sánchez na Mguso Mmoja

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimeombwa nizungumzie washambuliaji wa Meksiko, na nawaona vijana wa mbele hapa wanamsubiri Chicharito. Atanisamehe, leo nina Hugo Sánchez.

Msimu wa 1989/90, akiwa Real Madrid, Hugo alipachika mabao 38 katika Ligi ya Hispania. Akaifikia rekodi ya Telmo Zarra, mshambuliaji wa zamani wa Athletic Bilbao, ya mwaka 1951, na Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya, tuzo ya mfungaji bora wa ligi za Ulaya, wakagawana na Mbulgaria Hristo Stoichkov. Sasa sikilizeni: yote 38 ni ya mguso mmoja. Hakuutuliza mpira, hakumpiga mtu chenga ya mwisho. Mtaniambia penalti nazo zimo. Zimo, sawa, nazo zinataka mpigaji! Toeni penalti zote, bado hesabu itawashinda.

Siri ni kwamba kazi yake iliisha kabla mpira haujafika. Míchel, kiungo wa Real, akiinua tu kichwa pale kulia, Hugo ameshamtoroka beki na ameshajua kipa kasimama wapi. Sisi tunamsifu mfungaji kwa anachofanya na mpira. Huyu mtazameni akiwa hana mpira, ndipo mtamwelewa.

Mwili nao ulikuwa umeandaliwa. Dada yake alikuwa mwanamichezo wa jimnastiki, akaenda Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, na Hugo mwenyewe alikuwepo na timu ya soka. Zile sarakasi alizopiga kila akifunga zilitoka nyumbani. Ndiyo maana tiktaka aliyowafunga Logroñés, Aprili 1988, haikuwa ya kubahatisha. Na kabla ya hapo, kwao Meksiko, alichezea Pumas, timu ya chuo kikuu, huku akisomea udaktari wa meno!

Atlético Madrid walimchukua mwaka 1981. Mwaka 1985 akawa mfungaji bora wa ligi, kisha akavuka mtaa kwenda Real, akatwaa ubingwa mara tano mfululizo. Tuzo ya ufungaji aliichukua mara tano kwa jumla.

Kwenye jezi ya taifa, mambo yalikataa. Kombe la Dunia alicheza mara tatu, 1978, 1986 na 1994, akafunga bao moja tu, dhidi ya Ubelgiji. Mwaka 1986, nyumbani, pale uwanja wa Azteca, penalti yake dhidi ya Paraguay ilidakwa dakika za mwisho. Mwaka 1990, akiwa moto kuliko wakati wowote, Meksiko ilikuwa kifungoni FIFA kwa kuchezesha vijana waliozidi umri. Wakubwa wamedanganya vyeti, mshambuliaji analipa.

Wanaosema hakuwa mkubwa kwa sababu ya lile bao moja, mimi siwaelewi. Mwaka 1994 dhidi ya Bulgaria, mechi ikaenda hadi matuta, na kocha Mejía Barón akamwacha benchi hadi mwisho. Meksiko ikatolewa. Hilo muulizeni kocha. Haya, maswali.